Boksi la Thelathini na Mbili

Nilitia saini mwezi Machi,
theluji ingali imekaa kwenye kingo za madirisha
kama mgeni asiyejua kuaga.
Bwana Pelletier aliniazima kalamu yake.
"Julai mosi, saa nne asubuhi. Ufunguo huu hapa,"
akauonyesha, akaurudisha mfukoni.

Leo Juni ishirini na sita, amepiga simu.
Mpangaji aliyemo, Bi. Desrosiers, hatoki.
Ama hajatoka. Ama huenda atatoka.
Alijaribu nyakati za vitenzi moja moja
kama mlevi na shada la funguo mlangoni,
nami nimesimama jikoni kati ya maboksi thelathini na moja.
"Na mimi je?"
"Tuvute subira, bibie."

Subira! Montreal nzima huhama siku moja.
Majokofu hushuka ngazi za chuma yamefungwa kamba,
magodoro hukatiza barabara kwa miguu ya watu.
Mwenye lori harudishi arubuni.
Na anayeingia hapa ninapotoka,
kijana mwenye ngoma na paka wawili,
naye anafukuzwa na tarehe hiyohiyo.
Nikibaki, nitakuwa mimi
Bi. Desrosiers wa mtu mwingine.

Kwenye ofisi ya wapangaji, chini ya kanisa,
binti mmoja, Maëlle, alinihesabia kwa kucha zake za kijani:
unaweza kuidai nyumba, saini ni saini
hata kwa kalamu ya kuazima;
unaweza kuuvunja mkataba, umdai hoteli, ghala, lori;
unaweza kungoja, usilipe kodi ya mlango uliofungwa.
"Ila kwa maandishi. Simu ni upepo."
Baraza litanisikiliza lini?
Akatazama kalenda. Akatazama kucha.
"Kabla ya theluji, ukiwa na bahati."

Usiku nikaandika barua.
*Kama ungenikabidhi. Kama ningalijua.*
Ukurasa mzima *-nge-* na *-ngali-*,
nikatambua huko ndiko nilikohamia tayari,
ndani ya silabi isiyo na paa.

Asubuhi nilipanda zile ngazi mwenyewe, barua mkobani,
maneno makali nimeyapanga kama sahani.
Bi. Desrosiers akafungua, mnyororo haujatoka.
Nyuma yake: maboksi. Yake. Yamefungwa gundi, yameandikwa.
"Nina chumba kwenye nyumba ya wazee, Verdun," alisema.
"Aliyemo alitarajiwa kufa mwezi Mei."
Alisema bila ubaya,
kama mtu anayetangaza treni imechelewa.
"Amepata nafuu."

Tulicheka, Mungu atusamehe,
kila mmoja upande wake wa mnyororo.

Barua niliituma vilevile, kwa rejista, kwa Pelletier.
Aliyepokea sahihi yangu ni yeye,
na kicheko hakilipi ghala.
Lakini kabla sijashuka bibi aliniuliza
nina kitu gani kisichoweza kungoja.
Nikafikiri. "Mjasmini," nikasema. "Hautaki lori."

Sasa uko kwenye dirisha lake la kusini,
dirisha langu, kwa mujibu wa karatasi.
Anaumwagilia yeye.
Mimi nafunga boksi la thelathini na mbili
na kuandika juu yake kwa kalamu nene: JIKONI,
pasipo kusema
jiko la nani.