Kulwa na Doto

Lushinge alilitundika juu ya vyerehani, Makoroboi,
jekundu, shingo pana kama kafi.
"La nyuzi kumi na mbili hilo, dada, ni la kwaya.
Kwa hizo kelele zako, chukua la sita."

Nikaomba waya.

Kila uzi na pacha wake: Kulwa katangulia,
Doto nyuma yake, nusu pumzi.
Nikafungulia amplifaya mpaka mwisho
wakapigana. Matope. Nyuki ndani ya debe.
Mama mmoja aliyefuata sindano akaziba masikio.

Nikapunguza mkwaruzo, kidogo tu.
Nikabakiza jozi mbili za chini, nikazifinya kwa kiganja,
kiganja hiki kinachonuka sangara tangu Jumatatu,
na hapo likaunguruma
kama mawe ya Igogo yamekubaliana
kuteremka yote, usiku mmoja, ziwani.

Daraja limekaza. Shingo haijapinda.
Ila Doto wa jozi ya tatu anateleza.

"Utachoka kulityuni."

Mimi? Mimi ndiye niliyezaliwa wa pili.
Nimeitwa maisha yangu yote nirudi kwenye sauti ya mwenzangu,
na sijawahi kufika kamili.

Noti zilikuwa na unyevu wa barafu ya kiwandani.
Zikapelea elfu saba.
Nitamletea mapanki.