Sahani ya Wafanyakazi

Samaki wa hoteli alifika na pasi.
Alivuka mpaka ndani ya katoni, mgumu kama tofali,
macho yameganda yakitazama juu
kama mtu aliyesimamishwa na polisi na hana hela ndogo.

Mimi ndiye niliyemfungua. Kavugho,
mpishi wa pili, kofia nyeupe, ziwa dirishani.
Ziwa hilohilo usiku kucha lilikuwa linawaka
taa za wavuvi wa sambaza,
na alfajiri Kituku yote ikanuka fedha mbichi.
Hatua mia sita kutoka jikoni kwangu.
Nilizihesabu.
Nilizipita kila siku nikienda kupasua katoni.

Foromaji nayo ilikuja kwa ndege,
vipembe vidogo ndani ya karatasi ya kung'aa,
huku ile ya Masisi, nzito kama gurudumu la chukudu,
ikikatiza mbele ya geti letu mgongoni mwa pikipiki,
wala mlinzi hakugeuza shingo.

Basi akaja mama mmoja wa Martiniki
kuuona mlima unaotema moto.
Akarudisha sahani. Akaingia mwenyewe jikoni.
"Weye," akaniuliza, "ukimaliza kazi unakulaka nini?"

Nilicheka kwanza. Halafu nikaona haya.
Halafu nikaleta: bugali wa muhogo,
sombe aliyoitwanga Masika nyuma ya stoo,
sambaza za kukaanga, vichwa na vyote,
na pilipili ile ndogo isiyojua adabu.

Akala kwa mkono. Akakaa kimya
mpaka nikadhani imemchoma.
"Kwetu kisiwani," akasema, "shelisheli linaanguka,
linaozea chini ya mti wake,
na sisi tuko bandarini tunangoja meli ya viazi.
Tunauza jua. Chakula tunakopa."

Sikumjibu. Nilikuwa na sufuria motoni.

Wiki iliyofuata patroni akachapisha menyu mpya:
Ladha ya Kivu, dola kumi na nane.
Sahani yangu! Ya wafanyakazi!
Ila sambaza akaagiza kwa mtu wake wa ng'ambo,
kavu, za paketi, zina picha ya samaki anayetabasamu.
"Wale wanawake wa Kituku," akasema, "hawana fakture."
"Wana samaki," nikasema.
Akanitazama kana kwamba nimemwomba ziwa.

Likelemba yetu ilikuwa ya watu watano,
franka elfu kumi kila Jumamosi, mvua au risasi.
Zamu yangu ilipofika sikununua kitenge.
Nilinunua sufuria mbili, mwiko, turubai,
nikasimamisha kibanda Majengo, juu ya jiwe jeusi
lililopita katikati ya nyumba ya dada yangu.
Msingi sikuchimba.
Mlima ulishamwaga zege, bila kutuuliza.

Muhogo naletewa na Sifa wa Minova,
kabichi zinashuka Kibumba kwa mbao na magurudumu,
sambaza nachukua kwa Mapendo, mkononi, hela mkononi,
na akinipunja tunagombana kwa lugha tunayoielewa wote wawili.

Watalii? Kuna miezi hawaji kabisa.
Barabara inafungwa, redio inasema neno moja,
hoteli inazima taa gorofa ya pili, halafu ya kwanza.
Siku kama hiyo naongeza kilo tatu za unga,
kwa sababu hofu nayo ina njaa,
na mwanafunzi, na fundi, na mwenye pikipiki
hawasubiri viza ya mtu ndipo wale.
Mgeni akija, kuna benchi. Asogee.

Juzi akaja dereva wa patroni
na bakuli lenye kifuniko, amelificha ndani ya koti.
"Ya bosi," akanong'ona. "Amesema usiseme."

Nikapakua, nikajaza mpaka ukingoni.
Nikachana kipande cha katoni,
nikaandika: bugali, sombe, sambaza za Mapendo.
Jumla. Tarehe. Sahihi yangu, ndefu kuliko inavyohitajika.

"Hii nayo ni nini?"

Fakture, nikamwambia. Ampelekee.