Nikizima Taa, Nitasikia Nini?

Miaka thelathini na moja nililala ndani ya behewa,
Tabora, Kaliua, Nguruka, Uvinza, Kigoma,
kichwa kikigonga ubao kila reli zilipoungana.
Wakanipa mkono wa kwaheri na blanketi.
Nikaanza kutafuta chumba.

Dalali Ruhwanya alikuwa na viatu vipya na maneno mengi.
Mwanga, alisema, ni karibu na kila kitu.
Mimi nilikuwa na swali moja:
usiku, nikizima taa, nitasikia nini?
Akajikuna shavu. "Muziki kidogo, wa jirani. Hadi saa nane."
Kibirizi, injini za maboti,
na wanawake wa dagaa wakivutana bei kabla ya alfajiri.
Kule stesheni hata sikushuka kwenye pikipiki.

"Basi Ujiji," akasema. "Mji wa kale, kila ukuta una historia."
Nayo historia hukoroma?
Hakucheka.

Tukaziacha nyumba za udongo na milango yake mizito,
tukaingia michikichini, njia ikawa majani,
na Luiche ukatokea, rangi ya chai ya maziwa,
unakwenda ziwani taratibu
kama mtu asiyedaiwa.

Bi Mwavita hakusifia kitu.
Alinionyesha alama ya tope ukutani, usawa wa goti.
"Jirani huyu aliwahi kuingia bila hodi,
mwaka wa zile mvua. Akirudi,
utapandisha godoro mezani."
Na usiku?
"Utausikia mto. Na mimi nikikohoa."
Nikalipa miezi sita.

Usiku wa kwanza sikupata usingizi.
Nilishika ukingo wa kitanda, nangoja breki.
Wa pili, maji yalinung'unika mbali,
kisha kikohozi kikapenya ukutani, kikavu, mara mbili,
kama mkaguzi anayetoboa tiketi,
nami nikalala kama gunia.

Usiku wa tatu, mto tu.
Nikasubiri.
Mto tu.

Nikawasha taa, nikatoka peku,
nikagonga mlango wake kwa kifundo cha kidole.
"Nani?"
Mpangaji.
"Una nini?"
Sijakusikia ukikohoa.
Kimya. Halafu kicheko, kutoka ndani ya shuka:
"Nimekunywa asali na tangawizi, baba. Kalale."

Nikarudi, nikazima taa.
Nyuma ya ukuta akakohoa mara moja,
kikohozi cha kutengeneza,
ili nilale.