Kipimo cha Bega

Aliniambia anataka mabega.
Si mabega ya shati, mama. Mabega ya chuma,
yapande hivi, yashuke hivi, kama magamba ya kakakuona.
Akanionyesha simu: jitu limesimama kwenye lango linaloungua,
upanga wake mrefu kuliko mlango wetu wa Kisauni.

Mimi hushona sare za shule.
Januari foleni yangu hufika kwa muuza mahamri,
Machi sipati hata wa kutia zipu.
Hiyo ilikuwa Machi.

Chuma chenyewe ni malapa.
Kaingu aliyanunua kwa kilo Kongowea,
ya buluu, ya waridi, moja lina alama ya meno ya mbwa.
Akayaosha kwa sabuni ya unga, akayapanga kizingitini yakauke,
hata Bi Mwanasha akaja na mtandio kichwani
kuuliza nani amefariki,
mbona waliovua viatu ni wengi hivi.

Sponji hulainika kwa moto. Akaiomba pasi yangu ya makaa.
Nikamwambia, pasi hii ndiyo iliyokusomesha.
Akaipokea kwa mikono miwili.

Gundi haikauki upesi hapa. Joto letu lina jasho,
hushika kila kitu ila kile unachotaka kishikwe.
Usiku wa manane, pwa!
Goti limeanguka ukutani.
Stima ikipotea alikata kwa mwanga wa simu,
mimi nikashika ncha.
Rangi ya fedha ikaingia kwenye wali.
Tukaula.

"Simama nikupime," nikasema.

Utepe wangu ulimpima mara ya mwisho kidato cha nne.
Bega, kumi na saba na nusu. Kifua, thelathini na sita.
Zimo daftarini, ukurasa wenye doa la chai.
Leo kifua kilisema thelathini na nne.

Miaka minne ya kupeleka bahasha bandarini,
miaka minne ya "tutakupigia".
Mtu hupungua inchi mbili
na hakuna jirani wa kuuliza.

"Ngapi?" akaniuliza.
Nikaandika thelathini na nane.
Nikajaza sponji.

Jumamosi, tuktuk ya kwenda Tononoka,
upanga ukitokeza nje ubavuni,
dereva akautoza nauli ya mtu mzima.
Askari wa ukumbini aliugonga kwa kucha, akaunusa,
kisha akaomba apigwe picha nao.

Ndani, kijana mmoja alikuwa roboti wa mitungi ya mafuta ya kupikia.
Wakesho alikuja na mabawa:
miamvuli kumi na minne iliyovunjika, kila ubavu umenyooshwa,
akivuta uzi yanafunguka, watoto wanarudi nyuma.
Hakuna aliyemuuliza mwenzake anafanya kazi wapi.
Waliulizana, umetumia gundi gani?
Mshono huu umeufichaje?
Na mwanangu akajibu. Akajibu kwa mikono, akajibu kwa kirefu,
akavua kofia ya vita ili ajibu vizuri zaidi,
halafu akanielekeza kidole mimi, nimekaa na mkoba wangu:
"Kifua ni kazi ya mama."
Vijana saba wakaja kunisalimu
kama niliyetoka hija.

Mabawa yakashinda. Ni haki, nami ningeyapa.

Kurudi, juu ya daraja la Nyali,
upepo ukang'oa bega la kushoto.
Lori la mchanga likalikanyaga mbele ya macho yetu.
Nikafumba.
Kaingu akanigusa: "Mama, tazama."
Lilikuwa limelala bapa barabarani,
kisha polepole, kama mtu anayeamka na uvivu wake,
likajikunjua.

Rangi imepasuka, waridi la malapa linachungulia.
Anasema atalipaka Jumatatu.
Namwambia kula kwanza,
namwongezea wali, kipande cha changu, mchuzi,
kijiko kingine.
Daftari liko juu ya cherehani.
Ile namba sijaifuta.