Falme Saba kwa Riali Kumi na Tisa

Nimelitoa dukani Mabela, jirani na fundi tairi,
riali kumi na tisa na nusu.
Thuweini akanikabidhi kwa mikono miwili kama mleta posa:
"Hili, dada Rayya, litakulaza macho."

Kweli nimelala macho.
Kwanza gigabaiti sitini za sasisho,
mstari wa kijani ukijikokota
kama foleni ya kwenda Barka Alhamisi jioni.

Miaka sita nimelingoja.
Trela niliiona ningali mke wa mtu:
joka likitua mnarani, ubawa mmoja
unafunika mji mzima, na sauti nzito inaahidi
kila uamuzi wako utachongwa juu ya jiwe.
Nikasema moyoni, basi, huko ndiko.

Jiwe gani!
Nimemnyima mjane dawa. Nimerudi nyuma, nimempa.
Nimerudi tena, nimemnyima kwa makusudi.
Mjane hufa siku ileile, ngazi ileile,
na mwanawe hunishukuru kwa maneno yaleyale,
mdomo ukiburutwa nyuma ya sauti
kama tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiarabu.

Mimi nauza dawa, Al Khoudh, zamu ya mchana.
Najua mtu akikosa kidonge kinachofuata,
na wakati mwingine akikipata pia najua.
Lakini hapo katikati huwa pana mtu:
anauliza bei, anakuna shingo,
anasema nipe nusu tu, nusu nyingine mwezi ukiisha.

Mchawi Mkuu, kifungoni miaka elfu,
minyororo ya moto nimeikata mwenyewe, mmoja mmoja.
Akanyoosha mgongo. Akanitazama.
Akasema: niletee uyoga kumi na miwili.

Ufalme wa tano ni wa jangwa.
Nikaukimbilia kama mtu anayerudi kwao.
Mchanga wa rangi ya haradali, ngamia wa nundu mbili,
wanawake wanakata viuno sokoni jua la utosi
na hakuna hata mmoja anayetokwa jasho.
Mitende ipo, imepangwa kama meno ya bandia,
falaji hakuna. Sasa hiyo mitende inakunywa nini?
Bibi yangu Samail aligombana miaka tisa
na jirani yake kwa robo saa ya zamu ya maji,
na siku jirani alipokufa alilia kuliko wafiwa.
Hayo ndiyo mambo ya kuchonga juu ya jiwe.

Nje ya dirisha langu, nyuzi thelathini na nane, saa saba usiku.
Kioo kinavuja jasho upande wa nje,
kiyoyozi kinakohoa.

Joka nimeliua, ndiyo.
Ubawa ulinasa kwenye paa, likawa linapigapiga hewa,
nami chini nakata kisigino dakika arobaini,
mkono mmoja pedi, mkono mmoja
mkate wa jibini na Chipsi Oman ndani yake.
Likafa kwa aibu zaidi kuliko kwa upanga.
Mji mzima ukapiga magoti: Mteule! Mteule!
Watu watano, sura mbili.

Ila yuko mlinzi, lango la kaskazini.
Kasoro ya mafundi tu: anatembea kuelekea ukuta,
hatua, hatua, pua kwenye tofali,
hafiki, hageuki.
Juu ya kichwa chake pameandikwa *Mlinzi*.
Nimemsukuma. Nimempa uyoga.
Mvua ilinyesha, ikapita ndani ya paa, ikatunyeshea sote
bila kutulowesha.
Nikasimama naye, sijui muda gani,
nami nina vita mahali fulani.

Adhana ya alfajiri ikanikuta hapo.
Gemu likauliza: unataka kuhifadhi?
Nikahifadhi. Nikamwacha anatembea.

Asubuhi Thuweini ananiandikia: vipi, tamu?
Nimefuta majibu matatu.
La nne nimelituma:
ufalme wa saba sijaufikia bado.