Marehemu, MWISHO KABISA

Saa moja na nusu nabonyeza kitufe,
naenda kwa Mama Ndeshi kununua maandazi,
narudi, nakula mawili, napangusa mashine ya laminesheni,
na kompyuta bado inazungusha kale kaduara kake
kama mtu anayejipapasa mifuko akitafuta funguo
na anajua kabisa kaziacha ndani.

Duka liko Kiborloni, mkabala na mitumba.
Mlango wa bluu: FOTOKOPI. PASPOTI SAIZI. KADI ZA MICHANGO.
Na chini, kwa herufi za kubanana,
maana mchoraji aliishiwa nafasi:
RATIBA ZA MAZISHI.
Hizo za kubanana ndizo zinazolipa kodi.

Alhamisi akaja kijana kutoka Kidia,
kofia mkononi, picha ya baba yake kwenye simu.
"Dada, tunazika kesho saa nane. Nakala mia mbili."
Tukakaa. Tukakatazama kaduara.
Baada ya muda akaniuliza, kwa upole,
"Na yenyewe inaumwa?"

Eliaichi alikuja na bisibisi na brashi ya rangi.
Akaifungua ubavu, akapuliza; vumbi la miaka sita
likatuingia sote watatu puani.
"Vumbi si kitu," akasema. "Hebu weka sikio."
Krrr-tik. Krrr-tik.
"Hiyo ni diski inatembea.
Faili moja limelala vipande vipande,
kama watoto wa nyumba moja: huyu Himo, huyu Tunduma,
mwingine alikwenda Msumbiji hajapiga simu.
Wewe ukiita jina tu,
inabidi izunguke kote kuwakusanya.
Halafu umejaza. Umebakiza asilimia mbili.
Nyumba imejaa mpaka mlangoni, utafagilia wapi?"

Tukafungua folda.
*Marehemu Aikaeli.*
*Marehemu Ndenengo.*
*Marehemu Ndenengo MWISHO.*
*Marehemu Ndenengo MWISHO KABISA.*
*Marehemu Ndenengo mwisho kabisa jina la mkwe limesahihishwa.*
Elfu moja mia nne na kumi na mbili.

"Futa," akasema Eliaichi,
na kidole changu kikagoma kwenye kipanya.
Si ndugu zangu. Wengi sikuwaona wakiwa hai.
Lakini nani mwingine anajua
kwamba kwa kina Aikaeli walibishana saa nzima hapa hapa,
nani aandikwe mke wa kwanza,
mpaka mmoja akalia, wakaandika "wajane" basi?

Kijana wa Kidia akaitazama saa ya ukutani.

Nikafuta.
Kila mmoja nikambakizia ratiba moja, ile iliyosomwa kaburini.
Nikafuta nyimbo za Krismasi, katalogi za milango ya chuma,
faili za muda ambazo muda wake ulipita mwaka juzi.
Nikamwaga pipa la taka, na lenyewe lilikuwa limejaa;
nilidhani kutupa ndiko kufuta.
Saa kumi na moja printa ikakohoa, ikaanza kutema
baba yake kijana, mia mbili, akiwa na tai.

Usiku nikabaki na diski ijipange.
Vijiraba vidogo kwenye kioo, vyekundu vikisogezwa
kimoja kimoja kwenda kukaa karibu na wenzao.
Asilimia kumi na moja. Kumi na moja. Kumi na moja.
"Umeme usikatike tu," alisema Eliaichi akiondoka,
kama daktari anayekwambia ukaombe.
Nikajifunga kitenge. Nikaomba Tanesco kwa jina.

Asubuhi nikabonyeza kitufe,
nikaenda kwa Mama Ndeshi. Foleni fupi. Nikarudi
na yenyewe imeshaamka, imetulia, inanisubiri mimi.
Nikasimama na maandazi mkononi,
sijui hizi dakika ishirini nizipeleke wapi.

Faili moja nilimkatalia Eliaichi asiliguse.
Mzee Kundasai, ratiba ya kwanza, kosa langu mwenyewe:
kazaliwa 1984, mwanawe wa kwanza 1961.
Familia ilicheka mpaka mjane akashika meza.
Ni kilobaiti mia tatu.
Haimchelewesha mtu.