Zima Kwanza

Kijana wa dukani, Barabara ya Nane, Ngamiani,
ameniwashia midundo mia mbili:
rumba, cha-cha-cha, ngoma ya harusi,
hata mbwa akibweka, ukimtaka.
Anabonyeza kitufe kimoja, anarudi nyuma, anatabasamu:
"Mama, hii inajipiga yenyewe."

Ndicho ninachokiogopa.

Zima kwanza, baba. Zima yote.
Miaka thelathini na minne nimewafundisha
watoto wa Chumbageni do re mi
juu ya piano moja ya mbao,
aliyoiacha Mgiriki wa shamba la mkonge
siku alipofunga virago.
Chumvi ya hewa ikala nyuzi,
mchwa wakala miguu,
panya akazaa watoto sita kwenye kona ya besi
na kitambaa cha nyundo kikawa godoro lao.
Fundi Semboja, aliyekuwa akija kuilinganisha sauti,
ufunguo wake na rozari mfuko mmoja,
tulimzika Muheza mwaka ule wa mvua nyingi.
Tangu hapo fa yetu ya kati
ilikuwa jirani ya fa,
si fa mwenyewe.

Basi niache nipime kwa mkono.

Hii ya kwanza nyepesi mno.
Ukiigusa imekwisha kubali,
kama mtu anayeitikia "ndiyo, ndiyo"
swali hujalimaliza.

Hii ya pili ina uzito, lakini ni uzito wa springi,
wa mlango wa friji.
Unasukuma, inakusukuma,
mnaachana hivyo hivyo.

Hii ya tatu, ngoja.

Kushoto ni nzito kama debe la maji,
kulia inapungua, inapungua, mpaka kikombe cha kahawa.
Nashusha kibonyezo polepole, polepole,
mpaka chini kabisa, na hakitoi kitu.
Piano ya kweli hukuruhusu kunyamaza.
Na karibu na chini, hapo,
pana kijikwazo kidogo,
kama kokwa ya ukwaju chini ya ulimi.
Nani aliyekumbuka kukiweka?

Umeme ukakatika.

Feni zikazunguka kwa deni, zikasimama.
"Pole mama, subiri niwashe jenereta."
Sikusubiri.
Nilipiga zoezi la Jumatatu, lile la Nuhu,
mwenye kucha ndefu asiyesikia la mtu,
kisha zaburi ya maziko, kisha ile ya kutoa sadaka,
gizani, vibonyezo vikigonga ta, ta, ta,
kama mtu anayekata mchicha chumba cha pili.
Mwanamke aliyekuja kununua birika
akaliweka chini, akasimama.
"Mama, haitoi sauti," kijana akasema.
Najua. Endelea kutafuta dizeli.

Hapo ndipo kidole cha tatu kilipoiruka fa.
Kimeizoea ubovu wake miaka kumi na mmoja,
kinapita juu yake kama mtu apitaye
penye ngazi iliyovunjika nyumbani kwake.
Lakini hapa ngazi ilikuwa nzima.
Hakuna aliyekiambia kidole.
Nikarudi, nikaigusa peke yake, mara moja, mara mbili,
na nikashukuru kuwa kulikuwa na giza.

Jenereta ikakohoa. Tukaonana.

Milioni mbili na laki tatu, anasema.
Nikamwambia atazame plastiki ilivyochubuka pembeni,
tukashuka, tukapanda, tukatulia kwenye mbili kamili.
Laki nane leo. Salio mwisho wa mwezi,
kwaya ikishalipwa ile harusi ya Pongwe.
Guta litaileta kesho asubuhi, jua halijakaza.

Ile ya Mgiriki haitoki.
Hii itakaa mbele yake
kama mjukuu aliyekalishwa mstari wa mbele kwenye picha.

Risiti iandike jina Eufrasia Mhina.
Na huyo mbwa, baba,
hakuna namna ya kumfuta?